Maziwa ya kopo na maji ya bidoni

Redio ndogo ya mtaa inaishi kwa matangazo. Mwenye duka la simu analipa, mwenye duka la dawa analipa, muuza mabati analipa, na kwa pesa hizo mafuta ya jenereta yananunuliwa na mtangazaji anapata nauli ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo swali la tangazo gani lipite hewani na lipi likataliwe linaulizwa kila wiki, na mara nyingi linaulizwa siku ambayo mafuta yameisha. Kuna bidhaa moja ambayo historia yake inasaidia kulijibu, na familia nyingi zilizokimbia vita zinaijua: maziwa ya unga ya watoto wachanga.

Maziwa hayo hayakuwa sumu. Mtoto aliyefiwa na mama, akipewa maziwa yaliyopimwa sawasawa kwa maji safi, anaweza kuishi kwayo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa methali hiyo haitoshi, kwa sababu kitu kisicho kibaya kilitembezwa hadi kwa watu ambao hawakuwa na njia ya kukitumia.

Aliyepiga kelele mapema ni daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana, na ndiye aliyewaeleza madaktari wa dunia ugonjwa ambao wenyeji waliuita kwashiorkor. Kivu akina mama wanauita bwaki. Baadaye alihamia Singapore, akaona watoto wachanga wakinyweshwa maziwa ya kopo yenye sukari, yaliyokuwa yakisifiwa kuwa chakula bora, na akawaona wakifa. Mwaka 1939 alisimama mbele ya klabu ya Rotary ya mji huo akatoa hotuba aliyoipa jina la Maziwa na Mauaji. Alisema kwamba wanaoeneza sifa za uongo juu ya chakula cha mtoto mchanga wanastahili kuhesabiwa kama wauaji. Baada ya hotuba biashara iliendelea.

Katika miaka ya 1960 na 1970 idadi ya watoto wanaozaliwa katika nchi tajiri ilipungua, na kampuni za maziwa zikaongeza nguvu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Redio zilitumika. Mabango yalionyesha mtoto mnene anayecheka. Wauzaji wanawake walivalishwa mavazi meupe kama wauguzi, wakaingia hadi maternite na kuwapa wazazi wapya makopo ya bure.

Kopo la bure ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko maneno yote. Ziwa la mama linatengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto akipewa biberoni siku chache za mwanzo, ananyonya kidogo, na maziwa ya mama yanapungua. Kopo linapokwisha, mama amesharudi nyumbani na maziwa yake ni haba. Sasa lazima anunue, na hakuna tena wa kumpa bure.

Nyumbani hesabu ni nyingine. Kopo lililopaswa kumaliza siku chache linavutwa limalize wiki mbili. Mama anaweka kijiko kimoja cha unga mahali pa vitatu, na anachomnywesha mtoto ni maji meupe. Maji yenyewe yametoka mtoni au ziwani kwa bidoni. Kuyachemsha kunataka makala, na pesa ya makala ndiyo ya unga wa fufu. Biberoni inataka kuoshwa na kuchemshwa kila mara. Maelezo ya kopo yameandikwa kwa lugha ambayo mama haisomi. Mtoto anaharisha, anakonda, na mama anafikiri hakununua maziwa ya kutosha.

Maneno ya tangazo yangeweza kuwa kweli yote: maziwa yana vitamini, yanaongeza kilo, madaktari wanayajua. Kweli hiyo ilikuwa na masharti: maji safi, moto, kusoma, na pesa ya kununua kopo jingine wiki ijayo. Mtangazaji aliyesoma maneno yale aliwajua wasikilizaji wake. Alijua wanakochota maji.

Mwaka 1974 shirika la Uingereza liitwalo War on Want lilichapisha kijitabu cha mwandishi Mike Muller kuhusu biashara hiyo. Kikundi cha Uswisi kilikitafsiri kwa Kijerumani na kukipa kichwa cha habari kinachosema Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawashtaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern iliona kwamba kichwa hicho kilikuwa kashfa, ikawatoza washtakiwa faini ndogo ya franka 300 kila mmoja. Lakini hakimu akaiambia kampuni iangalie upya namna inavyotangaza maziwa yake. Kesi ilishindwa na kampuni, na watu walichokumbuka ni maneno ya hakimu.

Mwezi wa 7 mwaka 1977, Minneapolis, Marekani, raia walianza kugomea bidhaa za Nestlé, na mgomo ukavuka mipaka. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, OMS, ulipitisha kanuni za kuuza maziwa haya. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikuegemea upande wowote, na moja tu ilikataa: Marekani. Kanuni zinakataza kuyatangaza kwa watu wote, kuwapa akina mama makopo ya bure, na kuwapa wauguzi zawadi ili wayasifu. Mgomo ulisimamishwa mwaka 1984 baada ya kampuni kuahidi kufuata kanuni, kisha ukaanza tena mwaka 1988 kwa madai kwamba ahadi haikutimizwa.

Wafanyabiashara wanaweza kujifunza hapo. Matangazo yale yalifaulu kuuza, na mafanikio hayo ndiyo yaliyoharibu jina la muuzaji kwa miaka mingi. Lakini hasara ya jina na hasara ya mtoto hazilingani. Kampuni ilipata nafasi ya kujisahihisha.

Kwa walioko kambini jambo hili lina uzito wa pekee, maana huko maziwa mara nyingi hayaji kama bidhaa, yanakuja kama msaada. Mwezi wa 5 mwaka 2006 tetemeko la ardhi lilipiga Yogyakarta, Indonesia, na watu wenye moyo mwema wakatuma maziwa ya unga kwa wingi. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kati ya watoto wa chini ya miaka 2 waliopewa maziwa hayo, karibu 25 kwa 100 waliharisha. Kwa wale ambao hawakuyapata walikuwa karibu 12 kwa 100. Anayekumbuka kipindupindu cha Goma mwaka 1994 hahitaji kuelezwa maji ya kambini yanaweza kufanya nini. Makopo yakigawiwa bila mpango, picha ya mgawaji anayetabasamu nayo inakuwa tangazo, hata kama hakuna aliyelipwa.

Na siku hizi matangazo yamehamia kwenye simu. Ripoti ya OMS na UNICEF ya mwaka 2022, iliyochunguza nchi 8, ilikuta kwamba wazazi na wajawazito 51 kwa kila 100 walifikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo.

Redio iliyoishiwa mafuta bado inaweza kumwuliza mleta tangazo, kabla ya kuhesabu pesa: msikilizaji anahitaji kuwa na nini nyumbani ili maneno haya yawe kweli kwake? Jibu likiwa vitu ambavyo wengi hawana, tangazo lirudishwe, au masharti yasemwe hewani kwa sauti ileile ya sifa. Tangazo la maziwa ya mtoto mchanga lirudishwe bila mjadala. Kanuni za 1981 zimeshalijibu.

Mama aliyekimbia huku ana njaa anaambiwa na wengi kwamba maziwa yake yamekauka kwa hofu. Hofu inaweza kuyachelewesha kutoka, lakini mtoto akiendelea kuwekwa zivani yanarudi, na mama anayekula kidogo bado anaweza kunyonyesha. Anayetaka kumsaidia ampe mama mwenyewe chakula, maji na nafasi ya kupumzika. Mtoto anyonye tu, bila maji wala uji, hadi miezi 6. Kwa yatima, au mama ambaye kweli hawezi, maziwa ya kopo yana nafasi yake: aende kituo cha afya, aonyeshwe kipimo, na mtoto anyweshwe kwa kikombe safi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko biberoni. Na muuzaji akipita kambini na koti jeupe, aulizwe kwanza anafanya kazi kituo gani.