Migomba ya Uani



Tulipofika Kondoa kwa mwaka wa kichungaji, sisi mafrateri wawili, tulikuta uani migomba miwili imestawi kuliko yote mtaani. Juu yake kulikuwa na koki inayovuja. Tuliipenda migomba ile wala hatukujiuliza inakunywa nini.

Nyumba yetu iko karibu na tangi, mgao hautugusi sana. Siku moja mama wa jumuiya yetu, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya maji, alikuja kuomba ndoo moja. Tulimwamkia, akaitikia, akaitazama migomba. "Frateri, hii yenu inakunywa kila siku," akasema, akajitwisha ndoo yake.

Jioni tuliweka ndoo ya lita 20 chini ya koki. Ilijaa kwa dakika 40. Kutwa kucha ni ndoo 36, yaani lita 720.

Mbona ankara haikuwa kubwa? Tulifungulia bomba lote tukaitazama dira: hata kale kagurudumu kadogo hakakutikisika. Ilikuwa imekufa, na sisi kila mwezi tulimsifia paroko jinsi tunavyobana matumizi.

Fundi alitueleza baadaye kwamba dira ikichakaa, au ikiingiwa mchanga, mara nyingi husoma pungufu. Ndiyo maana hukaa miaka bila kuripotiwa. (Ingesoma zaidi, tungekuwa ofisini asubuhi hiyohiyo.) EWURA huyahesabu pamoja maji yanayovuja, yanayoibwa na yanayopita bila kusomwa: yote ni upotevu, na kiwango kinachovumilika ni asilimia 20 ya maji yaliyozalishwa. Tulikuwa tumezoea kudhani upotevu ni mabomba yaliyopasuka barabarani, kazi ya watu wengine.

Tulibishana siku mbili. Kuripoti ni kujitafutia deni, na sadaka za hapa ni chache. Chuoni tulishaandika insha juu ya Laudato Si', waraka wa mwaka 2015 ambao katika namba 30 Papa Fransisko anasema kupata maji safi ni haki ya msingi ya binadamu. Tulipata alama nzuri. Hatimaye tulimweleza paroko. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Watoto wa Komunyo ya Kwanza mnawafundisha lini amri ya saba?"

"Jumamosi, Padre."

Tulikwenda kuripoti Ijumaa.

Koki ilihitaji mpira mpya tu, kazi ya dakika kumi. Dira ilibadilishwa, tukakadiriwa deni, tukaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Ankara ya kwanza ilitushtua. Tukaanza kufulia beseni moja.

Mgomba mmoja umenyauka. Mwingine tunaumwagia maji tuliyooshea vyombo. Mama yule bado anaamka saa kumi, na wiki iliyopita tulimsindikiza kwenye foleni. Njiani alituonyesha sehemu mbili barabarani ambapo majani ni mabichi katikati ya kiangazi. Tumeandika mahali zilipo.