"Zamu Moja Tu" Nusura Imkoseshe Mchumba Jamaa wa Lizaboni

Jamaa mmoja wa Lizaboni, Songea (jina kapuni), nusura aachwe na mchumba wake, na wala si kwa mchepuko. Ni Civilization VI, gemu ya mwaka 2016. Akiitwa kula: "Zamu moja tu, mama." Hiyo moja inafika saa nane usiku.

Bidada akachoka: chagua, kompyuta au mimi. Jamaa kwa woga akamwambia kaa hapa nikufundishe, tupokezane.

Somo lenyewe si gumu kihivyo. Zamu ya kwanza weka mji karibu na maji matamu, usizungukezunguke. Toa skauti akaone majirani ni kina nani. Unachagua cha kujenga na cha kutafiti, unasogeza watu wako, unamaliza zamu, mwenzako naye anacheza. Hakuna kukimbizana, kama bao la wazee tu.

Jamaa yeye jeshi mwanzo mwisho. Bidada kimya, mabalozi wake anawatuma Zanzibar. Ndiyo, Zanzibar imo humo! Ukifikisha mabalozi watatu na ukawazidi wengine wote, unapewa mdalasini na karafuu, vitu visivyopatikana kwingine kokote kwenye gemu, na raia wako wanatulia roho. Kwa jamaa raia wameshachoka vita, waasi hao wanaibuka.

Jamaa akaomba amani. Bidada akakubali, ila kwa masharti: gemu Jumamosi tu, na mahari ifike kwao kabla ya Krismasi.

Mshenga ameshatumwa.