Karura, msitu wa mwanamke aliyeambiwa anyamaze

JUMAMOSI asubuhi, familia hufika kwa wingi kwenye lango la Msitu wa Karura, upande wa Barabara ya Limuru, jijini Nairobi. Watoto huendesha baiskeli huku kima wakiwachungulia kutoka matawini, wakivizia ndizi na mkate. Njia za udongo mwekundu huteremka hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha.

Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji. Kwa mzazi ambaye mtoto wake amerudi nyumbani akilia kwamba wenzake wanamcheka kwa kuwa tofauti nao, hapa pana hadithi ya kumsimulia mkiwa mnatembea.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu za msitu huu ziligawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walikuja kupinga wakiwa wamebeba miche. Mnamo Januari 8, 1999 walifika langoni kupanda mti, wakavamiwa na watu wenye silaha. Wangari alipigwa kichwani. Alipoandikisha taarifa katika kituo cha polisi, aliitia alama kwa damu yake mwenyewe.

Hakuacha. Agosti mwaka huo, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Miti ikabaki.

Kutoka Karura hadi Uhuru Park, katikati ya jiji, si mbali kwa gari. Bustani hii nayo nusura ipotee. Mwaka wa 1989 ulipangwa kujengwa hapo mnara wa ghorofa 60. Wangari aliandika barua nyingi kuupinga. Bungeni walimcheka, na kundi lake likaitwa kundi la wanawake waliotalikiwa. Rais Moi naye alisema wanaopinga mradi huo wana wadudu vichwani, na kwamba kwa mila za Kiafrika mwanamke anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Mnara haukujengwa. Leo watoto hukimbizana kwenye nyasi zile zile.

Maneno kuhusu talaka yalilenga kidonda cha kweli, kwani ndoa yake ilikuwa imevunjika miaka kumi hivi kabla ya hapo. Mumewe, Mwangi Mathai, alitaka aache kutumia jina lake. Wangari hakulitupa, wala hakulibakiza lilivyokuwa. Aliongeza herufi moja, "a", likawa Maathai. Kwa jina hilo ndilo alilopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Anayetaka kujua ujasiri huo ulianzia wapi itabidi asafiri hadi kijiji cha Ihithe, Kaunti ya Nyeri, alikozaliwa mwaka wa 1940. Enzi hizo wasichana wengi walibaki nyumbani kusaidia kazi. Siku moja kaka yake, Nderitu, alimuuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mama angeweza kujibu kwa swali ambalo wazazi wengi hulijua: watu watasema nini? Badala yake, aliona hakuna sababu ya kumzuia. Binti huyo alikuja kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka wa 1971.

Hata hivyo, mtoto asidhani kujisimamia ni kuziba masikio. Wangari alianza kupanda miti baada ya kuwasikiliza wanawake wa vijijini waliolalamika kwamba kuni zimeadimika na maji safi yamepungua. Wataalamu wa misitu walipodai kwamba kupanda miti kunahitaji cheti, wanawake hao waliendelea kuotesha mbegu kwa kutumia akili zao na vyombo walivyokuwa navyo. Alijua ni sauti zipi za kusikiliza na zipi za kuacha zipite. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na mtoto huanza kuijifunza nyumbani, anapouliza swali na kujibiwa bila kufokewa.

Wangari alifariki Septemba 25, 2011. Huko Karura, kuna wakati baiskeli hutulia na kelele za barabarani hazisikiki tena. Mtoto akiuliza ni nani aliyepanda miti yote hii, mzazi amwambie ukweli: mingi ilikuwepo tangu zamani. Kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa mtu wa kusema isikatwe, hata watu wakicheka.