Fagio Mbili

Mwezi huu twataka kuwaambia jambo dogo lililotupata nyumbani mwetu, sisi mwalimu na mkewe.

Mwaka jana, mvua za masika zilipoanza, mzee afagiaye kanisa alishikwa na homa, akalala. Padre akatuomba tuishike kazi yake mpaka apone. Tuliitikia kwa midomo, lakini mioyo ilikataa. Yatupasa kusema kweli: tuliona haya. Tulijiambia, “Je, tulisoma miaka yote ile ili tuje kuzoa mavi ya popo?”

Tena mioyo yetu ilikuwa mizito kwa sababu nyingine. Miezi mitatu kabla ya hapo tulimzika mtoto wetu wa pekee, na tangu siku ile sala zetu zilikuwa maneno matupu. Tulisali mbele ya watu, kwa kuwa mwalimu hana budi, nyumbani tulinyamaza.

Basi tukawa tukifagia jioni, giza likiingia, watu wasituone. Padre alijua, wala hakutukemea. Alituhadithia habari za Nicolas Herman wa Ufaransa, askari aliyejeruhiwa vitani akawa kiwete. Mwaka 1640 aliingia nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Ndugu Laurent. Wakamweka jikoni, kazi asiyoipenda kwa tabia yake, naye akaifanya miaka mingi, na baadaye akashona viatu vya wenzake, hata akafa mwaka 1691. Kwake yeye, saa ya kazi na saa ya sala zilikuwa moja, maana Mungu alikuwa karibu naye kati ya vyungu kama alivyo karibu penye altare.

Habari hizo zilitupendeza, lakini hazikutuponya. Tuliendelea kufagia kwa kuwa tumeahidi tu.

Katika juma la tatu mvua kubwa ilituzuia jioni, ikatubidi kwenda alfajiri. Tulipofika mlangoni tukasikia sauti ndani. Kumbe ni bibi mmoja mjane, mzee sana, amepiga magoti penye sakafu yenye vumbi, akiwataja watu wa kijiji mmoja mmoja mbele za Mungu. Akawataja wagonjwa, akawataja walio safarini. Kisha akamtaja mtoto wetu kwa jina lake, akatutaja na sisi wazazi wake.

Tulisimama pale, fagio mikononi, tukalia. Akageuka. Tukamwuliza, “Bibi, tangu lini watuombea?”

Akajibu, “Tangu siku ya maziko, wanangu, kila alfajiri. Niliona mzigo umewalemea, nikashika upande mmoja.”

Wapenzi, miezi ile yote tulidhani tumeachwa. Kila siku tuliingia kanisa lile kengele ilipolia, tukakaa mahali petu pa mbele, tusijue neno. Tusingalijua hata leo kama tusingalipewa fagio. Asubuhi ile tulianza kufagia pale alipopiga magoti, tukamtandikia mkeka; na tulipokuwa tukifagia, tukajikuta tunasali, sisi tuliokuwa mabubu.

Yule mzee amepona, amerudi kazini. Tulipomrudishia fagio zake tulimwomba atuachie siku ya Jumamosi, naye alicheka sana, akakubali. Hatusemi kwamba majonzi yetu yamekwisha. Twasema hivi tu: furaha haikututangulia kazini, ilitukuta humo.

Basi, ndugu mwalimu, na wewe mama wa nyumba, ukipewa kazi ndogo, kumtekea mgonjwa maji au kufua nguo za altare, usingoje kwanza moyo upendezwe. Bwana wetu mwenyewe aliinama akawaosha wanafunzi wake miguu. Inama nawe. Huenda penye vumbi lile yuko mtu alitajaye jina lako.

Sisi ndugu zenu katika Kristo.