Tumwamshe Mtoto Mchanga Usiku Apate Kunyonya?

Wahenga walisema: Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha, utalala wewe. Methali hii yahusu watu wazima na werevu wao: usimfumbue macho mwenzio akaja kukupita. Nasi hatuipingi. Lakini huku kwetu Fizi na Baraka tumeisikia ikisemwa juu ya mtoto wa siku tatu, ambaye hana werevu wa kumpita mtu yeyote. Hapo yatupasa tusimame kidogo tufikiri.

Wazee wa kike husema kwamba mtoto akiona njaa atalia mwenyewe, na ya kuwa usingizi ndio humkuza. Maneno haya yana kweli yake. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake, mwenye nguvu, anayeongezeka vizuri, hujiamsha na kudai haki yake, wala hana haja ya saa ya ukutani. Lakini siku za kwanza si kama siku nyingine. Tumbo la mtoto ni dogo sana, na akiba ya mwili wake ni chache. Kwa hiyo anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku. Akikaa mno bila maziwa, sukari ya damu yake yaweza kupungua. Na ikipungua, usingizi humzidi, na kulia hakuwezi. Ndivyo njaa inavyojificha ndani ya usingizi. Kilio si dalili ya kwanza ya njaa, bali ya mwisho. Kabla yake mtoto hupeleka mkono kinywani, hugeuza kichwa, huchezesha midomo.

Jambo hili lilitufika nyumbani mwetu. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa kabla miezi yake haijatimia, na mizani ya zahanati ikaonyesha gramu 2,100. Alikuwa mpole mno. Alilala mchana kutwa na usiku kucha, hata majirani wakatupongeza. Mkunga alituagiza tumwamshe kila baada ya saa tatu. Lakini mama yetu mzazi, aliyelea watoto wanane, akasema, “Wanangu, mwacheni apumzike. Mwamtesa bure.” Siku ya tano mizani ilisema gramu 1,950. Mtoto kupungua kidogo siku za kwanza ni kawaida, lakini aliye mdogo hana cha kupunguza. Tulijikuta kati ya heshima ya mzazi na uhai wa mtoto.

Hatukutaka kumbishia mama mbele ya watu. Tulimwomba atusindikize zahanati, aseme na mkunga mwenyewe. Mkunga alimpa kiti, akamwuliza kwa adabu, “Mama, wewe umelea wanane. Je, huyu alingana na wale?” Mama alimpakata mtoto, akampima kwa mikono yake, akanyamaza. Kisha akasema, “Huyu ni mwepesi kama ndakala.” Basi, usiku ule ule yeye ndiye aliyetangulia kuamka na kuwasha taa.

Tukapanga saa zetu: saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na mbili alfajiri, wakati wavuvi wa Baraka wanaporudi na mitumbwi yao. Mtoto hakuamshwa kwa kutikiswa. Alifunuliwa nguo, akabadilishwa kitambaa, akasuguliwa polepole nyayo na mgongo, akalazwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na tone la maziwa likatiwa midomoni pake. Siku ya kumi na nne alikuwa amerudisha uzito wake wote na kuupita.

Basi, kanuni ni hii. Mpaka mtoto arudishe uzito aliozaliwa nao, jambo ambalo kwa kawaida huwa ndani ya wiki mbili, asipitishe saa nne bila kunyonya. Na aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 aamshwe mapema zaidi, kama mkunga atakavyoagiza. Asipewe maji wala uji. Maziwa ya mama yatosha miezi sita. Yale ya kwanza ya manjano yasimwagwe, maana ni kinga yake. Tena kunyonya usiku huongeza maziwa ya mama. Baada ya siku ya tano, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Lakini akikataa kunyonya, asipoamka kabisa, akiwa na homa au baridi mwilini, akihema upesi, au akiwa wa manjano mpaka nyayo, msingoje kupambazuke: mpelekeni kwa mganga.

Kanisa halikuona kazi hii kuwa ndogo. Maandiko yatuambia kwamba Ana alibaki nyumbani akamnyonyesha Samweli mpaka alipomwachisha. Nayo tarehe 8 Januari 2017, akibatiza watoto huko Vatikano, Papa Fransisko aliwaambia akina mama wawanyonyeshe bila woga mle mle kanisani, kama Bikira Maria alivyomnyonyesha Yesu.

Nanyi akina baba, msiseme kwamba habari hizi ni za wanawake. Anayenyonyesha ni mama, lakini taa, kitambaa kikavu, chakula cha mama na maji ya kunywa vyaweza kutoka mikononi mwenu. Yosefu mtakatifu aliamshwa usiku na malaika kwa ajili ya Mtoto, naye hakujifunika tena shuka. Aliondoka usiku ule ule. Yeye aliitwa kwenda mpaka Misri. Sisi twaitwa tu kuvuka chumba.