Jalada la Jarida Letu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wapendwa, mwaka huu tunapenda kuwaelezeni habari ya jalada la jarida hili, kwani lilitushughulisha kuliko kurasa zote za ndani.

Kazi ya kulichora tuliwapa wanafunzi wa darasa la juu, nasi walimu tukawa wasimamizi. Rai yao ya kwanza ilikuwa kuandika aya ya Qur'ani kwa hati kubwa ya kupendeza. Rai hiyo ni njema, na hati nzuri ni urithi wetu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kule Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano.

Lakini ukuta wa msikiti hauendi sokoni, na msahafu una rafu yake. Jarida je? Leo limo mkononi mwa mzazi, kesho lipo chini ya kitanda, keshokutwa limefungiwa karanga, kisha limetupwa mtaroni. Ndani zimo aya kwa haja ya mafunzo, lakini jalada ndilo linaloraruka kwanza. Wanafunzi walipolitafakari hilo, wenyewe wakaiondoa aya.

Ikaja rai ya pili: picha ya mwanafunzi. Yupi? Aliyeongoza mtihani? Mwenye kanzu mpya? Na wapo wazazi wasioridhia picha za mabinti zao zienee. Binti mmoja akasema, "Ustadh, akiwekwa mmoja, sisi wengine tutakuwa wageni katika jarida letu." Hatukuwa na jibu la kumshinda.

Basi tukakubaliana: ubao na kalamu katikati, na pembezoni mapambo ya majani kwa rangi zile tatu za Siyu. Kila mwanafunzi wa darasa lile akachora jani moja kwa mkono wake. Hakuna jina wala sura, ila kila mmoja analijua jani lake.

Wakajifunza pia mambo ya uchapaji. Karatasi ya A3, yenye milimita 420 kwa 297, ukiikunja mara moja hupata kurasa nne za A4, nazo ndizo jalada zima, mbele na nyuma. Maandishi yasisogee ukingoni, yasije yakakatwa na kisu cha mpiga chapa. Na jina la madrasa liwe kubwa, hata babu alisome bila miwani.

Wanafunzi wetu, kabla hamjachapisha jambo lolote, jiulizeni litaishia wapi na nani ataachwa nje. Nanyi wazazi, tunawaomba mlitunze jarida hili. Majani yale ni ya watoto wenu.

Wabillahi tawfiq.