Kabla hujapakia mbuzi kwenye Probox

Msimu wa salfa umeshika kasi, magari madogo yanabeba kila kitu, na juzi sokoni watu wawili waliniuliza swali moja: nikinunua Probox ya kubebea mbuzi, mbwa na pembejeo, huko nyuma niweke nini? Nitajibu. Ila nianze na la kwangu, maana jibu hili nililipata kwa gharama, na sehemu ya gharama hiyo aliilipa mtoto wa watu.

Nilikuwa natoka Newala kushuka Masasi. Nyuma nilikuwa na mbuzi wawili, beberu na jike, wa mkulima mmoja aliyetaka mbegu. Kulikuwa na galoni ya lita 5 ya dawa ya mbu wa mikorosho iliyobaki shamba darasa. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amefiwa na kaka yake huko Masasi, akaniomba lifti. Alikuja na mjukuu wake wa miaka 9 na viroba vitatu vya sembe vya kupeleka msibani. Sembe nikaviweka kwenye buti, juu ya zulia lile lililokuja na gari. Galoni nikaibana kando. Mbuzi nikawafunga kamba fupi. Mtoto akakaa siti ya nyuma. Kwa macho yangu nilikuwa nimepanga vizuri.

Kwenye mteremko bodaboda aliyebeba magunia aliingia barabarani ghafla. Nikakanyaga breki. Kamba ya beberu ikakatika, akavuka juu ya siti ya nyuma na kumwangukia yule binti. Mtulinga wake ulipata ufa, mkono ukakaa kwenye kitambaa wiki nne. Mbuzi hakuumia hata kwato.

Sikuwa naenda mbio, nilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Nikufanyie hesabu, maana wengi tunasema "kilomita 50 tu". Gari la mwendo huo likisimama ghafla kwa kugonga kitu, kilichomo ndani ambacho hakijafungwa kinaendelea mbele kwa mwendo ule ule, na nguvu yake ni sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi. Chukua beberu wa kilo 30, mpandishe juu ya mkorosho mrefu, halafu mwachie aangukie kichwa cha mwanao. Breki yangu haikufikia hapo kwa sababu sikugonga kitu, na bado mfupa ulipata ufa.

Gari ya saluni ina ukuta kati ya buti na siti. Probox, Succeed, Corolla za kubebea mizigo na ndugu zake hazina. Buti na abiria ni chumba kimoja, na ndiyo maana tunazipenda. Kwa hiyo ule ukuta unauweka mwenyewe.

Wavu upo wa namna tatu. Wa kwanza ni wa nyuzi wenye ndoano, ambao magari mengine huja nao kutoka Japani. Huo unazuia mkoba na mchicha. Mnyama ataupasua, au atanasa kwato ndani yake na kuvunjika mguu. Wa pili ni wa mabomba yanayojibana kati ya sakafu na dari kwa kukazwa skrubu. Kwenye lami unafaa kwa mbwa mpole. Kwenye barabara zetu za vumbi mtikisiko unaulegeza, na usipokaza kila safari, siku ya breki mabomba yenyewe ndiyo yatakayokuja kichwani. Wa tatu ni wa kuchomelea, na huo ndio ninaoutumia. Nilimpelekea fundi gari lenyewe, sikumpelekea vipimo vya karatasi. Alitengeneza fremu ya bomba za mraba na kuijaza wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 5, ili kwato ya mwanambuzi wala mdomo wa mbwa usipite. Nilimlipa pesa inayokaribia bei ya mbuzi jike mdogo.

Ukienda kwa fundi, simamia mambo haya. Wavu uanzie chini kabisa nyuma ya siti ufike karibu na dari, usiwe nusu ukuta, maana mbuzi huruka. Ufungwe kwa bolti kwenye matundu na pete za kufungia mizigo zilizomo sakafuni tayari. Usimruhusu fundi atoboe sakafu kwa kubahatisha, kwa sababu magari mengi yana tenki la mafuta chini ya siti ya nyuma au karibu nayo. Usiazime bolti za mikanda ya abiria pia, hizo ziache kwa kazi yake. Ncha zote zipigwe msasa. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa. Wangu wa kwanza niliupaka nyeupe, jua la jioni likipiga sioni kitu kwenye kioo cha kati. Fundi akimaliza, ushike kwa mikono miwili, weka mguu kwenye bampa, vuta kwa nguvu zako zote. Ukicheza, mrudishie.

Na usimfunge mnyama shingo kwenye wavu. Akianguka wakati gari linayumba atajinyonga. Ukishakuwa na wavu imara, mbuzi wawili wanasimama au kulala wenyewe bila kamba. Kuwafunga miguu yote minne na kuwarundika kama magunia ni kosa hata mbele ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kibali cha kusafirisha mifugo usikisahau nyumbani.

Sasa turudi kwenye ile safari, maana sijamaliza. Tulimfikisha mtoto hospitali. Nilipokuja kufungua buti nikakutana na harufu. Mbuzi walipohangaika walikuwa wameiangusha galoni, mfuniko ukapata ufa, na dawa ilikuwa imenywewa yote na zulia. Viroba viwili vya chini vilikuwa vimelowa matako. Cha juu kilikuwa kikavu.

Yule mama alikigusa, akaninusisha kiganja chake. "Bwana shamba, hiki cha juu hakijalowa. Watu wanasubiri ugali pale, mwanangu. Tukichukue."

Nikwambie ukweli, nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimemuumizia mjukuu siku ya msiba wa kaka yake, na mfukoni sikuwa na pesa ya viroba vitatu. Kiroba kilikuwa kikavu kwa macho. Lakini kilikuwa kimekaa saa nzima juu ya vilivyolowa, ndani ya gari la moto lililofungwa vioo, na dawa zile hutoa mvuke, na mfuko wa kusokotwa haukingi mvuke. Unga huwezi kuuosha. Kuchekecha hakuondoi dawa, na kupika usiitegemee. Nikasema hapana. Hakunijibu, alikaa tu pale kwenye ngazi ya hospitali. Nikakopa kwa rafiki mwenye duka, nikanunua sembe nyingine, na ile tukaifukia mbali na kisima na mbali na mifugo. Kuku wa msibani wasingejua tofauti, wala watu wasingejua. Hilo ndilo lililonitisha.

Kwa hiyo tandiko la buti. Zulia toa, kalitandike mlangoni kwako. Zulia linakunywa mkojo, damu ya samaki na dawa, halafu linatunza. Turubai ni bora kidogo, ila lina mikunjo na halina kingo, kinachomwagika kinatafuta njia ya kwenda chini ya siti. Unachotaka ni trei: plastiki nene au raba ya kipande kimoja, isiyo na mshono, yenye kingo zilizosimama pande zote, na inayotoka nzima bila kufungua skrubu.

Kingo ziwe na urefu gani? Wauzaji watakuonyesha trei za kingo za sentimita 3 au 4. Hizo zimetengenezwa kwa nchi tambarare na mbwa mwenye tope miguuni. Chukua buti ya mita moja kwa moja. Ukimwaga lita 20 kwenye tambarare, maji yanasimama kina cha sentimita 2 tu. Lakini gari likiinama kwenye mteremko wa mita moja kwa kila mita kumi, maji yote yanakimbilia upande mmoja na kufika sentimita 6 na zaidi. Sisi wa Newala tunaishi juu ya mteremko, basi tafuta kingo za sentimita 8. Kabla hujamwamini muuzaji, mwagia ndani nusu ndoo ya maji, shuka na gari mteremko mfupi, rudi uangalie sakafu.

Trei laini huteleza, na mnyama anayeteleza ndiye anayeruka. Weka juu yake raba yenye mistari au gunia tupu unaloweza kulifua.

Suala la kutoka nzima lina uzito wake kwetu. Huku juu uwandani wakati wa kiangazi maji ni ya ndoo na yana bei. Trei unaitoa, unaisimamisha kwenye mti, ndoo moja inatosha. Buti yenye zulia ndoo tano hazitoshi. Na kuna hili la mbwa, ambalo wauzaji wa trei hawalijui. Wateja wengi hapa ni Waislamu, na wengi hufuata mafundisho kwamba palipoguswa na mate ya mbwa pataoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Trei unaweza kuiosha hivyo. Zulia utaliosha vipi? Mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliniuliza kabla ya kupakia, "Bwana shamba, humu amepanda mbwa?" Nikamwambia ndiyo, kwenye trei ya mbwa, na yako ni hii nyingine. Nina mbili, na ya mbwa ina alama ya rangi nyekundu. Kama unabeba mbwa wa kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na pia unabeba chakula cha watu, fanya hivyo.

Mbwa ambaye hujui kama amechanjwa kichaa usimpandishe kabisa, hata kama wavu wako ni wa chuma cha reli. Mlete siku ya chanjo akitembea na mwenyewe. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia ofisi ya mifugo kama kuna zoezi karibu nawe. Akikung'ata ukiwa unampakia, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Neno la mwisho ni kuhusu dawa na salfa. Wavu mzuri na trei nzuri havikupi ruhusa ya kuchanganya. Mfuko wa salfa wa kilo 25 ukipasuka, vumbi linapita kwenye wavu kama hakuna kitu, linachoma macho ya waliokaa mbele. Dawa ya maji isimamishwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, safari yake, bila chakula, bila mnyama, bila mtoto. Ukishindwa kupata safari mbili, chakula kipande bodaboda.

Binti yule yuko darasa la sita sasa. Bibi yake bado huniomba lifti, na kila mara, kabla ya kuweka mzigo, hufungua buti, huinama na kunusa. Mimi husubiri pembeni mpaka amalize.